Uko nje ya nchi, nyumba iko Mwanza, rejesho la benki limekuelemea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa Mtanzania aliye Doha, London, Johannesburg au Houston, aliyekopa benki hapa nchini akaweka rehani nyumba yake ya Buswelu, Kiseke, Nyegezi, Buhongwa au Isamilo, na sasa rejesho la kila mwezi linamzidi nguvu. Sheria inayotawala ni ya Tanzania, hata kama mshahara wako unalipwa kwa pauni, kwa kuwa mambo ya ardhi huamuliwa na sheria ya mahali ardhi ilipo. Mahesabu yaliyomo ni ya mfano mmoja, uone deni linavyotembea. Ya kwako yapige kwa taarifa yako mwenyewe ya mkopo.

Nimekosa rejesho la mwezi mmoja. Nyumba iko hatarini?

Bado. Mwezi wa kwanza benki hutoza adhabu ya kuchelewa iliyoandikwa kwenye mkataba, na ofisa mikopo atakupigia wewe au ndugu uliyemwandika kwenye fomu. Mambo hubadilika ucheleweshaji ukipita siku 90. Hapo mkopo unaingia kundi la mikopo chechefu, yaani isiyolipwa ipasavyo, benki inalazimika kutenga fedha zake kufidia hasara inayotarajiwa, na historia yako inasomeka vibaya kwenye taasisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu. Faili nalo linahama kutoka tawini kwenda kitengo cha kukusanya madeni, mara nyingi makao makuu Dar es Salaam. Ofisa aliyekukopesha Mwanza anakujua kwa sura na anaijua nyumba yako. Anayepokea faili kule anaona namba. Siku hizo 90 za mwanzo ndizo unazoweza kusikilizwa kama mteja, na wengi wanazimaliza wakisubiri mambo yakae sawa ndipo wapige simu.

Nimwandikie nani, na niandike nini?

Mwandikie meneja wa tawi lililokupa mkopo kwa barua pepe, nakala kwa ofisa mikopo wako na kwa huduma kwa wateja ya benki. Kuzungumza na ofisa kwa WhatsApp si vibaya, lakini ofisa huhamishwa, na akipelekwa Geita au Shinyanga makubaliano yenu ya mdomo yanaondoka naye.

Taja namba ya mkopo na namba ya kiwanja. Eleza kilichobadilika na uambatanishe ushahidi: barua ya kuachishwa kazi, karatasi za mshahara za miezi mitatu, cheti cha hospitali. Taja kwa tarakimu kiasi unachoweza kulipa kuanzia mwezi huu, unachoomba, na kwa miezi mingapi. Mwishoni omba taarifa kamili ya mkopo inayotenganisha deni la msingi, riba, adhabu na bima. Bila mchanganuo huo utakuwa unajadili deni usilolijua.

Siku hiyohiyo lipa chochote ulicho nacho, hata theluthi ya rejesho. Kamati ya mikopo huangalia mwenendo wa akaunti kabla ya kusoma barua. Wala usiahidi kiasi kikubwa ili kuwafurahisha: ahadi ya 900,000 ikivunjika mwezi wa pili, ombi lako la pili litasomwa kwa jicho jingine kabisa.

Nikiomba muda wa mkopo uongezwe, si nitapumua?

Utapumua kidogo sana kuliko unavyodhani. Tuchukue mkopo wa TSh 80,000,000 kwa riba ya 17% kwa mwaka, miaka 15. Rejesho ni takriban 1,231,000 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza, 1,133,000 ni riba. Deni la msingi linapungua kwa 98,000 tu. Baada ya miaka mitatu ya kulipa bila kukosa umeshatoa zaidi ya milioni 44, na bado unadaiwa karibu milioni 75.4.

Sasa benki ikubali kuisogeza miaka 12 iliyobaki iwe 20. Rejesho linashuka hadi kama 1,107,000. Umeokoa 124,000 kwa mwezi, lakini jumla utakayolipa tangu hapo inapanda kutoka kama milioni 177 hadi milioni 265. Kwa riba za kwetu, kuongeza muda hakuna nafuu kubwa, maana sehemu kubwa ya rejesho tayari ni riba.

Kulipa riba peke yake nako hakusaidii sana: katika mfano huu ni 1,069,000 kwa mwezi. Na ukipewa mapumziko kamili ya miezi sita, uliza kwanza riba ya miezi hiyo inakwenda wapi. Ikirundikwa kwenye deni, milioni 75.4 zinakuwa milioni 82, yaani unadaiwa kuliko siku ulipokopa. Mapumziko yanamfaa mtu mwenye tarehe: mkataba mpya wa kazi unaanza Septemba, mafao yanatoka baada ya miezi minne. Asiye na tarehe anajiongezea deni.

Kinachobadilisha hesabu hasa ni vitu viwili: riba kushuka, au deni la msingi kukatwa kwa mkupuo. Kwa hiyo omba riba ipunguzwe na adhabu zifutwe kabla ya kuomba muda. Adhabu ndiyo inayofutika kwa urahisi zaidi, hasa ukija na fedha mkononi. Na kama una kiwanja kingine kimekaa bure Kisesa au gari limeegeshwa nyumbani kwa shemeji, uza hicho, peleka fedha zote kwenye deni la msingi, kisha uombe kwa maandishi rejesho lipigwe upya. Usipoomba, benki nyingi huacha rejesho vilevile na kufupisha muda, na hapo mzigo wa mwezi haukupungui.

Kodi ya wapangaji inaweza kubeba rejesho?

Nyumba yote kwa rejesho lote, mara chache. Sehemu yake, ndiyo, ukipanga vizuri. Mwanza kodi hulipwa kwa miezi mitatu, sita au mwaka kwa mkupuo, wakati benki inadai kila mwezi. Hapo ndipo fedha zinapopotea: milioni tatu zikiingia Januari kwenye simu ya ndugu, kufika Aprili hazipo. Andika kwenye mkataba wa pango kwamba kodi inalipwa moja kwa moja kwenye akaunti inayokatwa rejesho, na mpangaji akutumie picha ya risiti.

Vyumba vya wanafunzi upande wa Malimbe na Nyegezi vinajaa chuo kikifunguliwa na kutulia likizo. Vihesabie miezi tisa, usivihesabie 12. Mpangaji akiwa kampuni au taasisi, kwa mwenye nyumba mkazi hukata kodi ya zuio ya 10% kabla ya kulipa. Wewe uliye nje uliza kiwango cha asiye mkazi kwenye ofisi ya TRA kabla ya kusaini, maana kiasi kitakachoingia benki si kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Kodi ya pango itajwe kwa shilingi: kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zimezuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Na kama unawaza kuuza, usisaini pango la mwaka mzima. Mnunuzi wa kuhamia anataka nyumba tupu.

Nimekuwa nikimtumia mdogo wangu fedha za rejesho kila mwezi. Sasa benki inasema nadaiwa miezi saba.

Hili tunalikuta mara nyingi kuliko kufukuzwa kazi. Kwa benki, fedha uliyomtumia mdogo wako haijalipwa. Mkopaji ni wewe. Kusanya kumbukumbu za miamala yote uliyomtumia, kwa kuwa hilo ni deni kati yako na yeye na linaweza kudaiwa, lakini usisubiri kikao cha familia kiishe ndipo uwasiliane na benki.

Kuanzia leo lipa mwenyewe kwenye akaunti ya mkopo, na hakiki salio kwenye programu ya benki siku moja baada ya tarehe ya makato. Tuma siku tano za kazi kabla. Miamala ya kimataifa hukwama Ijumaa, na rejesho linalofika Jumatatu kwa deni la Jumamosi limechelewa. Acha pia ziada ya makato ya njiani: ukituma kiasi kilekile cha rejesho, benki za kati zikikata ada, rejesho linapungua elfu chache na akaunti inasomeka kuwa na deni.

Notisi ilitumwa sanduku la posta la zamani, mimi sikuiona. Ina nguvu?

Sheria ya Ardhi inataka benki ikupe notisi ya maandishi kabla ya kuchukua hatua. Notisi hiyo lazima ieleze umekosa nini na kwa kiasi gani, kwamba benki inaweza kutumia haki zake juu ya nyumba, na kwamba siku 60 baada ya kuipokea deni lote litadaiwa kwa pamoja na nyumba inaweza kuuzwa. Notisi isiyo na mambo hayo ina kasoro, na wakili anaweza kuisimamia hoja hiyo.

Lakini usijenge ulinzi wako juu ya kutoiona. Mikataba mingi inasema notisi iliyotumwa kwenye anwani uliyoandika inahesabiwa imekufikia. Kama uliandika S.L.P. ya ofisi uliyoacha mwaka 2016, bahasha inalala huko na siku zinahesabiwa. Andikia benki leo kubadilisha anwani: barua pepe, namba ya simu ya nje, na anwani ya mtu mmoja Mwanza anayefungua bahasha. Omba wakujibu kwamba wamepokea, na jibu hilo ulitunze.

Ukishaipata notisi, zigawe siku 60. Wiki mbili za kwanza ni za kuhakiki hesabu na kupeleka pendekezo. Kama hakuna jibu la maana ifikapo siku ya 20, anza kutafuta mnunuzi huku mazungumzo yakiendelea. Kuuza nyumba Mwanza kwa bei ya haki hakuishi ndani ya wiki tatu, na anayeanza siku ya 50 anauza kwa yeyote mwenye fedha taslimu.

Siwezi kurudi. Nani anisimamie?

Mpe mtu hati ya uwakili, yaani hati ya kisheria inayompa mamlaka ya kutenda kwa niaba yako. Isiwe ya jumla. Itaje namba ya hati miliki, kiwanja na kitalu, na itaje kila kazi: kupokea notisi, kuzungumza na benki, kupata taarifa za mkopo, kusaini mkataba wa mauzo na fomu za uhamisho. Jambo lisilotajwa, benki na ofisi ya ardhi watalikataa, na utaanza upya. Isaini mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka huko uliko, uipitishe ubalozi wa Tanzania, kisha hapa ilipiwe ushuru wa stempu na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hati ambayo haijasajiliwa haihamishi ardhi.

Ushauri wetu wa dhati: mamlaka ya kuuza mpe mmoja, lakini fedha za mauzo ziandikwe kwamba zinaingia akaunti ya mkopo na akaunti yako tu. Sentensi hiyo moja imeokoa undugu mwingi.

Niuze mwenyewe au niiache benki iuze?

Uza mwenyewe, kwa ridhaa ya benki, ukiwa bado na muda. Benki nyingi zinapendelea hivyo, kwa kuwa mnada una gharama na kesi.

Anza kwa kuomba barua ya benki inayotaja kiasi cha kumaliza deni hadi tarehe fulani. Chukua mthamini aliyesajiliwa. Ripoti yake huwa na thamani mbili, ya soko na ya kuuza kwa haraka, na ya pili ni ndogo. Wewe taja bei ukianzia ya soko. Lipa kodi ya pango la ardhi, ile inayolipwa serikalini, yote iliyolala, maana riba yake nayo inakua na uhamisho hautapita bila risiti. Hakikisha kiwanja kiko upande upi: Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela. Buswelu, Kiseke na Nyasaka ni Ilemela, na nyaraka za halmashauri moja hazishughulikiwi kwenye nyingine.

Mnunuzi akipatikana, mkataba uwe wa pande tatu: wewe, yeye na benki. Fedha zinaingia kwanza kwenye akaunti ya mkopo. Benki inatoa hati ya kuondoa rehani pamoja na hati miliki. Kinachozidi ni chako. Mnunuzi mwenye akili hatakubali kukulipa wewe wakati hati iko benki, na akikubali, jiulize kwa nini.

Weka akiba ya kodi. TRA hutoza kodi kwenye faida ya mauzo ya nyumba, ambayo kwa mkazi ni 10% ya faida. Kwa asiye mkazi kiwango ni kikubwa zaidi. Faida ni bei ya kuuza ukitoa gharama za kununua na kujenga zenye ushahidi, kwa hiyo zile risiti za nondo, saruji na mabati zilizo kwenye boksi nyumbani zina thamani ya fedha. Mwambie mama asizitupe.

Kama nyumba iko karibu na ziwa, soma mchoro wa kiwanja kabla ya kutaja bei. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na tangu ziwa lilipopanda kufikia kiwango cha rekodi Mei 2024, wanunuzi wanauliza maji yalifika wapi. Jibu kweli, na uwe na picha.

Mnada ukifika, kuna kanuni gani?

Zipo, na zinakulinda ukizijua. Sheria ya Madalali inataka tangazo la angalau siku 14 kabla ya ardhi kuuzwa kwa mnada, kwenye mji mkuu wa wilaya na mahali mnada utakapofanyika. Tangazo liwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, litaje jina na makazi ya mwenye mali, na sheria hiyo bado inazungumzia kupigwa ngoma ili asiyesoma naye asikie. Dalali lazima awe na leseni. Mwombe mtu wako apige picha za matangazo yalipobandikwa, gazeti lenye tangazo, na gari la matangazo kama lilipita, pamoja na tarehe.

Juu ya bei, Sheria ya Ardhi inaipa benki wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati wa kuuza. Nyumba ikiuzwa kwa pungufu ya 25% au zaidi ya wastani wa soko kwa mali za aina hiyo, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa, na benki ndiyo inayotakiwa kuthibitisha vinginevyo. Ndiyo sababu ripoti ya mthamini wako mwenyewe, ya tarehe ya karibu, ni silaha kubwa kuliko kelele siku ya mnada.

Mpaka nyundo inagongwa una haki ya kulipa deni lote na gharama, nyumba ikabaki yako. Ikishauzwa, mnunuzi aliyenunua kwa nia njema hulindwa sana, na mara nyingi utabaki na madai ya fidia dhidi ya benki, nyumba ikiwa imeshakwenda.

Mahakama inaweza kusimamisha mnada?

Inaweza, kwa zuio la muda. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969, mahakama zetu huuliza mambo matatu: kama kuna suala zito la kuamuliwa, kama utapata madhara yasiyofidika, na upande upi utaumia zaidi. Kusema tu "sina uwezo wa kulipa" hakujawahi kuwa suala zito. Notisi yenye kasoro, hesabu za riba zisizolingana na mkataba, saini ya kughushi: hayo ndiyo ya kupeleka. Kesi ya kupoteza muda inakula ada ya wakili huku riba ikipanda kila siku.

Mke wangu hakusaini rehani. Je, ni batili?

Kama ni nyumba mnayoishi kama familia, sheria inataka ridhaa ya mwenzi, na benki ina wajibu wa kuuliza. Ila kama kwenye fomu uliapa kwamba hujaoa, umejifungulia kesi nyingine.

Mkopo wangu ni wa dola. Nibadilishe uwe wa shilingi?

Angalia mapato yako yako wapi. Unayelipwa riyali za Qatar au dola, mkopo wa dola unakwenda na mshahara wako, na riba yake kwa kawaida ni ndogo. Umerudi nyumbani au unategemea wapangaji? Hapo unabeba hatari ya shilingi kuporomoka, na kubadilisha kuna maana hata kwa riba kubwa zaidi. Uliza ada ya kubadilisha na kiwango cha ubadilishaji watakachotumia siku hiyo.

Nikope huku niliko nikalipe deni la Mwanza?

Ukiwa na kazi ya kudumu na riba ya huko ni nusu ya hii, hesabu inaweza kukubali. Ukiwa umeshapoteza kazi, hapana. Mikopo ya programu za simu, hapana kabisa.

Nikiacha tu, watanifuata huku?

Nyumba ikiuzwa na fedha zisitoshe, salio linabaki deni lako na benki inaweza kukushtaki. Uingereza, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1920 inayoruhusu hukumu ya Mahakama Kuu ya Tanzania kuandikishwa na kutekelezwa kule. Kabla ya kufika huko, benki itaangalia akaunti na mali zako nyingine hapa, na wadhamini wako. Mdhamini mara nyingi ni kaka au mwalimu mstaafu aliyesaini kwa mapenzi. Mwambie mapema hali ilivyo.

Benki hainijibu. Nilalamike wapi?

Kwanza ndani ya benki yenyewe, kwa maandishi, upate namba ya lalamiko. Usiporidhika, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa benki, na ina tawi Mwanza. Watataka kuona kwamba ulianza na benki.

Kuna bima kwenye mkopo. Inalipa nini?

Bima ya mkopo kwa kawaida hulipa deni mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Baadhi hugusa kupunguzwa kazi, lakini nyingi hudai utoe taarifa ndani ya siku chache. Omba nakala ya mkataba wenyewe wa bima, soma orodha ya yasiyolipwa. Bima ya nyumba ni nyingine: ya moto huwa imo, ya mafuriko angalia.

Nimemaliza deni. Kimebaki nini?

Kuondoa rehani kwenye daftari la ardhi. Benki inatoa hati ya kuondoa rehani na kukurudishia hati miliki, lakini mpaka hati hiyo isajiliwe kwa Msajili wa Hati, nyumba bado inasomeka imefungwa. Mtume mwakilishi wako akasajili, kisha baada ya wiki chache afanye upekuzi rasmi kwa namba ya hati na akutumie majibu. Mwambie asome sehemu ya mizigo, yaani rehani na madai yaliyoandikwa juu ya nyumba: iwe haina kitu.